MARY ANNING NA SAMAKI WA MAWE

Katika pwani ya kusini ya Uingereza, katika jimbo la Dorset, uko mji mdogo uitwao Lyme Regis. Mbele yake ni bahari, na kandokando yake ni majabali marefu ya rangi ya kijivu ambayo humomonyoka kila mwaka wakati wa baridi, mvua na mawimbi yanapoyapiga. Mtu akisimama ufukoni na kuyatazama ataona mawe yamepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kikubwa kilicholazwa chali. Habari za mwanamke aliyekisoma kitabu hicho kwa nyundo na kwa macho yake ndizo ninazotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Yapata miaka milioni 200 iliyopita, mahali hapo palikuwa bahari yenye joto. Wataalamu huuita wakati huo zama za Jurasi. Samaki na wanyama wa baharini walipokufa walizama katika matope meusi ya chini, ambako hewa ilikuwa haba, na kwa hiyo wengine hawakuoza upesi wala kuliwa. Matope yakawafunika, na mengine yakaja juu yake. Baada ya miaka mingi sana matope yakawa mawe, na mifupa nayo ikageuka mawe. Mabaki ya namna hiyo huitwa visukuku.

Mary Anning alizaliwa Lyme Regis tarehe 21 Mei, 1799. Baba yake, Richard, alikuwa seremala wa makabati. Kazi yake haikuwatosha chakula, basi alikuwa akienda ufukoni pamoja na wanawe kutafuta visukuku, akavisafisha na kuwauzia wageni waliokuja mjini kuoga baharini kwa ajili ya afya zao. Wazazi hao walipata watoto kama kumi, lakini ni wawili tu, Joseph na Mary, walioishi hata wakawa watu wazima. Hata jina la Mary lilikuwa la dada yake aliyekufa kwa kuungua moto kabla yeye hajazaliwa.

Yeye mwenyewe nusura afe angali mchanga. Tarehe 19 Agosti, 1800, alipokuwa na umri wa miezi 15, jirani mmoja alikuwa amempakata chini ya mti pamoja na wanawake wengine wawili. Radi ikapiga. Wanawake wote watatu wakafa, lakini mtoto akapona. Watu wa mji walipenda kusema kwamba radi ile ndiyo iliyomtia akili. Lakini mtu akifuata maisha yake hatua kwa hatua ataona kuwa akili ile ilinolewa na kazi.

Mwaka 1810 baba yake akafariki. Alikuwa ameanguka jabalini, na tena alikuwa na kifua kikuu. Aliacha madeni na hakuacha akiba yo yote, na Mary alikuwa na miaka 11 tu. Mama na watoto wake wakawa wanaishi kwa msaada waliopewa maskini wa parokia. Shule aliyoijua Mary ni ile ya Jumapili katika kanisa lao, ambako alijifunza kusoma na kuandika. Kanisa hilo lilikuwa limejitenga na Kanisa la Kiingereza, na katika siku hizo watu wa makanisa kama hayo hawakuweza kupata digrii katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Basi mtoto huyu alikuwa na vizuizi vitatu mbele yake: alikuwa maskini, alikuwa wa dini isiyopendelewa, na alikuwa mwanamke.

Mwaka 1811 kaka yake Joseph aliona fuvu kubwa la mnyama limejitokeza katika jabali, lenye urefu wa futi 4. Joseph alikuwa akijifunza ufundi, hakuwa na nafasi ya kuendelea kutafuta. Mary akaendelea kupangojea mahali pale, na miezi kadhaa baadaye, jabali lilipomomonyoka tena, akaiona mifupa mingine ya mnyama yule. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12. Bwana mmoja mwenye mashamba, Henry Hoste Henley, akainunua kwa pauni 23 hivi, na baadaye mifupa ile ikaonyeshwa London. Watu walifurika kuitazama. Wengine walidhani ni mamba, wengine wakadhani ni samaki, na wataalamu walibishana kwa miaka mingi. Mwishowe ikafahamika kwamba alikuwa mnyama wa jamii ya watambaazi aliyeishi baharini na kuogelea kama samaki, naye akaitwa ikthiosauri, maana yake samaki mjusi. Katika maandishi ya kwanza ya wataalamu juu ya mnyama huyu, jina la msichana aliyemtafuta halikutajwa.

Tangu hapo kazi hiyo ikawa ndiyo riziki ya nyumba yao. Wasomaji wasidhani ilikuwa kazi ya kuokota tu. Visukuku vizuri hutokea wakati wa baridi, baada ya dhoruba kuangusha sehemu ya jabali. Mtu akichelewa, mawimbi ya maji kujaa huvivunja na kuvichukua. Kwa hiyo Mary alitoka nyakati ambazo watu wengine walikaa karibu na moto, amechukua kikapu na nyundo, akifuatana na mbwa wake mdogo aitwaye Tray. Mbele yake maji yalikuwa yakijaa, na juu yake jabali lilikuwa tayari kuanguka. Mwezi wa Oktoba, 1833, sehemu ya jabali iliporomoka ghafula karibu naye, ikamwua yule mbwa. Mary mwenyewe aliponea chupuchupu. Hata hivyo alirudi kazini.

Baada ya kukipata kisukuku kazi ilikuwa bado. Alipaswa kukitoa ndani ya jiwe pole pole bila kukivunja, kukisafisha, na kukikaza ili kisiachane. Halafu alijiuliza ni mnyama gani, mfupa huu ni wa wapi, na huu unashikana na upi. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua vitabu, aliazima maandishi ya wataalamu akayanakili kwa mkono wake, pamoja na picha zake. Tena aliwapasua samaki na ngisi wa siku zake ili aone jinsi miili yao ilivyoungana, apate kuelewa miili ya wale wa kale. Hiyo ndiyo njia ya elimu ya kweli: kutoka katika kitu unachokijua mpaka katika kitu usichokijua.

Riziki ya visukuku haikuwa ya kutegemewa. Kiangazi hiki huuza, kiangazi kingine hakuna cho chote. Mwaka 1820 hali ya nyumba yao ilikuwa mbaya hata wakawa karibu kuuza vyombo vyao ili walipe kodi. Mteja wao mmoja, Thomas Birch, aliwahurumia. Akauza kwa mnada mjini London visukuku vyake mwenyewe, ambavyo vingi alivinunua kwao, na mnada huo ukapata kama pauni 400 kwa faida yao. Mambo yakawa afadhali, na jina la Mary likaanza kujulikana.

Mwishoni mwa mwaka 1823 alipata mifupa yote ya mnyama mwingine wa baharini, mwenye shingo ndefu ajabu na kichwa kidogo. Huyu ni plesiosauri. Picha yake ilipofika Paris, mtaalamu mkubwa Georges Cuvier alisema kuwa shingo ile ni ndefu mno, na akashuku kwamba mifupa ya wanyama mbalimbali imeunganishwa. Neno hilo lilikuwa la hatari. Kama watu wangeamini kuwa Mary ni mdanganyifu, hapana mtu angalinunua kitu kwake tena, na nyumba yao ingalikufa njaa. Mwaka 1824 Chama cha Jiolojia cha London kilikutana kulijadili jambo hilo. Mary hakuwamo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa hata kuhudhuria kama wageni. Mifupa ikachunguzwa, ikaonekana ni ya mnyama mmoja, na Cuvier mwenyewe akakiri kwamba alikosea. Lakini William Conybeare, aliyewaeleza wanachama habari za mnyama yule, hakumtaja aliyemfukua.

Mwaka 1826, akiwa na miaka 27, Mary aliweza kununua nyumba yenye duka, na dirisha la kioo mbele yake. Wataalamu wa nchi mbalimbali walifika dukani humo. Mwaka 1828 alipata mifupa ya mnyama wa kale mwenye mabawa, wa kwanza wa jamii yake kupatikana nje ya Ujerumani. Wanyama hawa wakubwa ndio wanaotajwa sana watu wanaposimulia habari zake. Lakini mimi naona ujuzi wake huonekana zaidi katika samaki, na habari za samaki ndizo zinazosahauliwa.

Katika mawe ya Lyme Regis mna samaki wengi ambao mapezi yao yametandazwa juu ya vijiti vyembamba vya mifupa, kama mapezi ya changu na dagaa tuwajuao. Mmojawapo anaitwa Dapedium. Mwili wake ni wa mviringo na bapa kama sahani, na magamba yake ni mazito, yamepangwa kama vigae juu ya nyumba, tena yamefunikwa na kitu kigumu king'aacho. Meno yake mafupi yalifaa kuponda vitu vyenye ganda. Samaki huyu akitoka ndani ya jiwe huwa mweusi anayemeremeta, kana kwamba magamba yake yamepigwa rangi jana, na hali amelala humo miaka karibu milioni 200.

Mary aliwatazama samaki hawa hata mahali ambapo wengine hawakutazama. Katika matumbo ya ikthiosauri aliona vijiwe vya ajabu. Alipovivunja alikuta ndani yake mifupa na magamba ya samaki wadogo. Kutokana na hayo Profesa William Buckland wa Oxford alieleza mwaka 1829 kwamba vijiwe vile ni mavi ya wanyama wa kale yaliyogeuka mawe. Wengine wanaweza kucheka, lakini ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, maana sasa watu walijua nani alimla nani katika bahari ile. Buckland alipoeleza jambo hilo mbele ya Chama cha Jiolojia alimtaja Mary kwa jina, na ni haki kulikumbuka tendo hilo jema.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1829 Mary alipata samaki mwingine aitwaye Squaloraja. Kwa namna moja alifanana na papa, na kwa namna nyingine alifanana na taa. Wataalamu walistaajabu kuona sifa za papa na za taa zimekutana katika mwili mmoja.

Mwaka 1834 alifika Lyme Regis kijana mmoja Mswisi, Louis Agassiz, mwenye umri wa miaka 27. Alikuwa akiandika kitabu kikubwa juu ya samaki wa kale wa dunia nzima, na alikuwa akizunguka Ulaya kutazama visukuku vilivyokusanywa na watu. Pale mjini alipokewa na Mary na rafiki yake Elizabeth Philpot, bibi aliyekuwa na mkusanyo mzuri wa samaki wa mawe. Kulikuwa na fumbo lililomsumbua: miiba mingi ya mapezi ya papa wa kale hupatikana peke yake, bila mwili, hata mtu asijue mwiba gani ni wa papa gani. Wanawake hawa wawili walimwonyesha bila wasiwasi mwiba huu ni wa nani na ule ni wa nani, maana wao walikuwa wameviona vitu hivyo vingali pamoja katika jiwe. Profesa mgeni akawa mwanafunzi, na mwenye duka akawa mwalimu.

Agassiz hakuisahau fadhili hiyo. Aliwashukuru wote wawili katika kitabu chake. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1840 alifanya jambo ambalo hapana mtaalamu mwingine aliyelifanya Mary angali hai: aliwapa samaki wawili wa kale jina lake. Mmoja ni wa jamii ya papa, aliyeitwa Acrodus anningiae. Wa pili aliitwa Belenostomus anningiae, naye ni samaki wa zama za Jurasi mwenye mwili mwembamba na taya ndefu iliyochongoka, kama mdomo wa chuchunge, yenye meno makali. Samaki mwingine akapewa jina la Elizabeth Philpot. Baadaye wataalamu walimhamisha yule mwenye mdomo mrefu wakamtia katika ukoo mwingine, lakini sehemu ya pili ya jina lake haikubadilika. Desturi ya elimu hiyo ni kwamba ukoo huweza kubadilishwa, bali jina lile la pili hubaki. Basi jina la Mary limebaki juu ya samaki huyo hata leo.

Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Matajiri waliovinunua visukuku vya Mary walivitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho, na kibao cha chini kikaandikwa jina la mtoaji zawadi. Maprofesa waliandika maelezo, na jina la mwandishi likabaki. Yeye aliyeamka alfajiri, akalowa maji ya chumvi na kuchimba kwa mikono yake, jina lake lilipotea katikati ya mnunuzi na mwandishi. Mary alilijua jambo hili, nalo lilimwuma. Hata hivyo hakunyamaza alipokuwa na hoja. Mwaka 1839 gazeti moja la elimu ya viumbe liliandika kwamba papa fulani wa kale ni wa ukoo mpya. Mary alipeleka barua kueleza kuwa hilo si sahihi, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kuwaona, miaka mingi kabla yake, papa wenye meno yaliyonyoka pamoja na yaliyopindika. Sehemu ya barua hiyo ikachapishwa, na hayo ndiyo maandishi yake pekee ya elimu yaliyochapwa katika gazeti la namna hiyo wakati wa uhai wake. Ni mistari michache tu, nayo inahusu meno ya samaki.

Taabu ya fedha haikumwacha. Mwaka 1830 rafiki yake Henry De la Beche alichora picha ya bahari ya kale, pamoja na wanyama ambao wengi Mary ndiye aliyewapata, na nakala zake zikauzwa kwa ajili ya kumsaidia. Mwaka 1835 alipoteza sehemu kubwa ya akiba yake, kama pauni 300, kwa kuziweka fedha mahali pasipofaa. Hapo Buckland na wenzake waliiomba Serikali na chama cha wataalamu cha Uingereza wamsaidie, akapewa malipo ya pauni 25 kila mwaka kwa ajili ya kazi aliyoitendea elimu. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa na maana: nchi ilikiri kwamba mwanamke yule amefanya kazi ya taifa.

Katika miaka yake ya mwisho aliugua saratani ya titi. Wanachama wa Chama cha Jiolojia, kilekile ambacho hakuruhusiwa kuingia mlangoni mwake, walichanga fedha za kumtunza. Alifariki tarehe 9 Machi, 1847, mwenye miaka 47, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Michael hapo Lyme Regis. De la Beche, aliyekuwa rais wa Chama, alisoma mbele ya wanachama maneno ya kumkumbuka, heshima ambayo hapana mwanamke aliyekuwa ameipata kwao. Mwaka 1850 wanachama walisaidia kuweka dirisha la vioo vya rangi katika kanisa hilo kwa ukumbusho wake. Lakini chama chenyewe hakikuchagua wanachama wanawake mpaka mwaka 1919, miaka 72 baada ya kifo chake.

Siku hizi heshima zimemfikia. Mwaka 2010 Chama cha Kifalme cha London kilimtaja miongoni mwa wanawake kumi wa Uingereza walioathiri zaidi historia ya sayansi. Tarehe 21 Mei, 2022, siku ya kuzaliwa kwake, sanamu yake ilifunuliwa Lyme Regis. Amesimama kama anayetembea, na mbwa wake yu pamoja naye. Na aliyeanzisha shauri la sanamu hiyo ni msichana wa shule, aliyeuliza kwa nini mji haukuwa na sanamu ya mtu kama huyo. Watu wazima walikuwa wamepita hapo miaka mingi bila kuuliza.

Tunajifunza nini katika maisha haya? Kwanza, kwamba umaskini na uhaba wa shule humchelewesha mtu, lakini haumzuii mwenye bidii ya kutazama. Mary hakuwa na maabara wala walimu. Alikuwa na nyundo, karatasi za kunakilia, na samaki wa kupasua, navyo alivitumia mpaka maprofesa wakaja kumwuliza. Sisi tuliopewa darasa, vitabu na walimu tunapaswa kujiuliza tumevitumia kwa kiasi gani.

Pili, kwamba kumnyima mtu sifa ya kazi yake ni wizi, hata kama hakuna kitu kilichochukuliwa mfukoni mwake. Cuvier alikosea akakiri, na wengine walifaidika na jasho la Mary wakanyamaza. Mgeni mmoja alijifunza kwake akaandika jina lake juu ya samaki, na tendo hilo dogo limedumu kuliko fedha zote zilizolipwa katika duka lile. Mwenzako akikusaidia kuelewa hesabu, mtaje. Fundi akikujengea, mtaje. Elimu haipungui kwa kugawanywa sifa zake, nayo huzidi kuaminiwa pale kila mtu anapopewa haki yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne